Mshika Mkanda

Maneno haya yalisemwa mjini Iringa mbele ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uandishi wa habari, na yameandikwa upya kwa ajili ya wasomaji.

Ndugu Mwenyekiti, walimu mnaotulea, waandishi wenzangu mliotoka Njombe na Mbeya, na ninyi wadogo zangu mnaokaribia kuhitimu: kamwene. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie kazi ya mwandishi wa video anayekwenda peke yake, yaani yule anayebeba kamera mwenyewe, anayeuliza maswali mwenyewe, anayenasa sauti, anayeandika, anayehariri na kutuma, pasipo mpiga picha, pasipo fundi wa sauti wala dereva. Barua ya mwaliko iliuita utaratibu huu kuwa ni mpya. Naomba nianze kwa kulipinga neno hilo kwa heshima, kwa sababu tukilikubali tutaielewa vibaya kazi yenyewe.

Huko Marekani utaratibu huu una tarehe. Mnamo Septemba 1992 kituo cha televisheni cha NY1 kilianza kurusha matangazo mjini New York kikiwa na waandishi waliokwenda mitaani kila mmoja na kamera yake ndogo ya video, ya aina ya Hi8, na Michael Rosenblum, ambaye alikuwa miongoni mwa walioupigia debe mtindo huo, alikuja baadaye kuwafundisha waandishi wa BBC miaka ya mwanzo ya 2000. Kwa wenzetu hao ulikuwa uamuzi: watu waliozoea kutoka na timu walichagua kuiacha timu. Sisi wa mikoani hatukuwahi kuwa na timu ya kuiacha. Televisheni binafsi zilipoanza kuenea nchini katikati ya miaka ya 1990, mwakilishi wa mkoa alikuwa mtu mmoja mwenye kamera moja, mara nyingi aliyoinunua kwa fedha yake au aliyoiazima kwa mpiga picha wa harusi, na alilipwa kwa kila habari iliyotoka hewani. Hakuna aliyemwita mwandishi wa video wa kisasa. Aliitwa mwakilishi, basi.

Mimi niliingia katika kazi hiyo mwaka 2004. Kaseti ya MiniDV ya dakika 60 niliitia katika bahasha, nikaandika juu yake jina la mhariri na namba ya simu, nikamkabidhi kondakta wa basi la asubuhi pamoja na shilingi chache za soda. Kituo kilimtuma kijana kuipokea alasiri katika stendi ya mabasi ya Ubungo. Toka hapa hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 500, na ikiwa kwenye mlima wa Kitonga kulikuwa na lori lililolala barabarani, basi habari yako nayo ililala hukohuko. Nayasema haya si kwa kuwaonea wivu ninyi mnaotuma picha kwa simu mkiwa bado uwanjani, ingawa wivu kidogo upo.

Sasa tujiulize timu ilikuwepo kwa kazi gani. Jibu jepesi ni kwamba vifaa vilikuwa vizito. Katika miaka ya 1970, video ilipoanza kuchukua nafasi ya filamu katika habari, kamera ilikuwa mashine moja na kinasa kilikuwa mashine nyingine. Waya uliviunganisha, na kwa hiyo uliwaunganisha watu wawili waliokimbia kama mbuzi waliofungwa kamba moja. Mfumo wa Betacam ulipotoka mwaka 1982 kamera na kinasa viliwekwa pamoja juu ya bega moja, na tangu hapo kila mashine mpya imekuwa ikimpunguza mtu mmoja. Leo simu iliyo mfukoni mwenu inafanya kazi ya begi zima la wakati ule. Kwa hesabu hii ya uzito, aliyebaki peke yake hajapungukiwa na kitu. Nami niliamini hivyo kwa miaka kadhaa.

Nilikuja kuacha kuamini hivyo katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kilolo, kwenye mazishi ya watu waliofariki katika ajali ya barabarani. Nilifika mapema, nikaomba ruhusa kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa wafiwa, nikakubaliwa. Jeneza lilipokuwa likiletwa nilitaka picha pana ya umati wote ukishuka kilima, kwa hiyo nilirudi nyuma hatua kwa hatua, jicho moja likiwa kwenye kioo na jingine nimelifumba, kama tulivyozoea. Picha ilikuwa nzuri sana. Kisha nikahisi mkono begani. Alikuwa bibi mmoja mwenye khanga iliyofifia, na hakupaza sauti hata kidogo. Aliniambia, "Mwanangu, umemkanyaga mtu."

Nilitazama chini. Nilikuwa nimesimama juu ya tuta la kaburi la siku ileile, udongo wake ukiwa bado haujakauka, na alama za viatu vyangu zilikuwa zimepita katikati yake. Niliinama, nikaomba radhi kwa bibi na kwa wenye kaburi, na baadhi ya vijana waliokuwa wameshika majembe wakasawazisha tuta. Hakuna aliyenitukana. Ningetukanwa labda ningesahau mapema.

Wapiga picha wa zamani walikuwa na msaidizi ambaye, pamoja na kubeba betri, alikuwa na kazi moja ambayo haiandikwi katika mikataba: mpiga picha anaporudi nyuma, msaidizi humshika mkanda wa suruali kwa nyuma, akimwongoza kulia, kushoto, ngazi, shimo, simama. Mimi siku ile sikuwa na mshika mkanda. Ndipo nilipoelewa kwamba kamera ndogo zilipotupunguzia mizigo zilituondolea pia mtu wa pili aliyekuwa akitazama kule ambako kamera haitazami, na hilo hakuna aliyelitangaza kwenye boksi la kamera.

Mtu huyo wa pili alikuwa na faida nyingi kuliko kulinda makaburi. Alisikia swali lako lilipokuwa la kijinga akakukanyaga mguu. Alimwona yule kijana anayelizungukazunguka begi lako. Aliweza kusema, "Huyu mtoto tusimwoneshe sura." Mkirudi garini mlibishana kuhusu kile mlichokiona, na katika mabishano hayo habari ikanyooka kabla haijafika kwa mhariri. Ukienda peke yako unarudi na ushahidi wa mtu mmoja na hakimu ni yeye yuleyule.

Wapo watakaonitajia Mohamed Amin, na ni haki yao, maana ndiye mpiga picha wa habari mwenye jina kubwa kuliko wote waliotoka Afrika Mashariki. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akaanzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, hapa kwetu Dar es Salaam mwaka 1963, na alijulikana kwa kuwa na kamera ya picha mnato na kamera ya filamu kwa wakati mmoja, akifanya kazi ya watu wawili. Lakini tazameni kazi yake iliyoitikisa dunia, ile ya njaa ya Korem nchini Ethiopia, iliyorushwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984. Picha zilikuwa zake, maneno yalikuwa ya mwandishi wa BBC, Michael Buerk, na ukizitazama hata leo unaona jinsi maneno yanavyonyamaza pale picha inapojitosheleza. Huo ni unyenyekevu ambao ni rahisi zaidi kati ya watu wawili kuliko ndani ya mtu mmoja, kwa sababu aliyepiga picha mwenyewe na kuandika mwenyewe huona uchungu kuacha chochote. Tena mwaka 1991, ghala la silaha lilipolipuka mjini Addis Ababa, Amin alipoteza mkono wa kushoto, na fundi wake wa sauti, John Mathai, akapoteza maisha. Tunapolitaja jina la Amin peke yake, jina la Mathai tunaliacha, na mimi naona si sawa.

Basi je, nawashauri msiende peke yenu? Hapana. Hamtakuwa na hiari hiyo, na zaidi ya hapo kuna habari ambazo timu haiwezi kuzipata. Nilikwenda siku moja kwa mama mmoja mjane aliyekuwa ameondolewa katika shamba la marehemu mumewe na ndugu wa mume. Alikwisha kukataa kuzungumza na waandishi waliofika wanne ndani ya gari moja. Mimi nilifika kwa bodaboda, nikakuta anapika, nikakaa kwenye kigoda karibu na mafiga, macho yakinitoka machozi kwa moshi, tukazungumza habari za mahindi na mvua kwa muda mrefu kabla sijafungua begi. Jiko lile lisingetosha watu watatu. Alipoanza kusimulia, alikuwa akisimulia kwa mgeni wake wala si kwa msafara, na kila alichokisema kiliambatana na kazi ya mikono yake: alikoroga, akanyamaza, akaongeza unga, akasema jambo zito kuliko yote akiwa amegeukia moto. Hilo ndilo pato la kwenda peke yako, nalo ni kubwa.

Linahitaji ufundi, na hapa naomba niwe mwalimu kidogo. Unapomhoji mtu peke yako, usishike kamera. Iweke kwenye stendi, urefu wa macho yake, ukae karibu na lenzi kiasi kwamba bega lako linakaribia kuigusa, ili anapokutazama wewe aonekane anamtazama mtazamaji kwa pembeni kidogo. Acha nafasi pembeni ya kichwa chake, kwa sababu atasogea, nawe hutakuwa na mtu wa kumfuata. Usimpe kiti cha kuzunguka. Kisha usahau kioo, umtazame yeye, jambo ambalo vijana wengi hulishindwa, wakabaki wanachungulia picha kama mpishi anayefunua sufuria kila dakika. Mkimaliza, usikimbilie kuzima. Watu husema neno lao la kweli pale wanapodhani kazi imekwisha, na mwandishi aliye peke yake hulikosa kwa sababu mikono yake inakunja stendi. Mimi huiacha kamera ikiendelea na humwambia waziwazi kwamba bado inarekodi. Wengi hujibu, "Haya, acha," wakaendelea.

Sauti ndiyo itakayowaadhirisha. Niliwahi kwenda Makete kumhoji mkulima mmoja mzee wa viazi mviringo kuhusu lumbesa, yaani gunia linalonunuliwa kana kwamba ni la kilo 100 huku juu limeshonewa kilemba kinachobeba madebe ya bure kwa mnunuzi. Mzee yule alikuwa hazina. Alieleza kwa dakika 40 jinsi mizani inavyokosekana shambani, jinsi mkulima mwenye deni la mbolea asivyoweza kukataa, na jinsi sheria ya vipimo inavyojulikana na kila mtu isipokuwa gunia lenyewe. Maiki ndogo nilikuwa nimembana kwenye kola ya koti. Hedifoni nilizivua, kwa kuwa niliona si adabu kumsikiliza mzee masikio yangu yakiwa yamezibwa. Nilipofika nyumbani nilikuta kisambazaji cha maiki, kile kinachopeleka sauti kwenye kamera, hakikuwashwa. Picha zilikuwepo, mzee alikuwa akichezesha midomo, na kwa mbali kabisa kulisikika jogoo.

Nilirudi Makete kwa nauli yangu. Safari ya pili nilivaa hedifoni na nikamweleza, "Mzee, hivi ndivyo nitakavyokusikia vizuri zaidi." Alifurahi kuliko mara ya kwanza, akaanza kusema taratibu kama mtu aliyepewa heshima yake. Tangu siku ile hurekodi sauti mara mbili: maiki kwenda kwenye kamera, na simu ya akiba ikirekodi ndani ya mfuko wa shati la mhojiwa, naye akijua kuwa ipo.

Mambo mengine nayapitia haraka, maana walimu wenu wanayajua. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo ndani ya ofisi zenye taa za mirija pigeni kwa fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, ya sekunde 1/50, ama sivyo picha itametameta. Video ya megabiti 25 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 11 kwa saa. Hesabuni kadi zenu kabla ya safari, si mkiwa msibani. Anayeweka kazi yake mtandaoni mwenyewe azisome kanuni za maudhui ya mtandaoni na aulize Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kuhusu leseni, kwa kuwa hatakuwa na kituo cha kumkinga.

Nirudi kwa mshika mkanda. Baada ya Kilolo nilimwendea kijana wa bodaboda aliyekuwa akinibeba mara kwa mara, nikamwomba tubadilishe mapatano. Badala ya kumlipa anifikishe na aondoke, ningemlipa anifikishe na abaki. Nilimfundisha mambo matatu tu: kunishika mkanda ninaporudi nyuma, kuhesabu betri na kadi tunapoingia na tunapotoka, na kunigusa mara mbili mgongoni akiona jambo asilolipenda, bila kunieleza kwanza ni jambo gani. Hilo la tatu ndilo limenisaidia zaidi. Kwa miaka tuliyofanya kazi pamoja aliwahi kunigusa kwa sababu watu wameanza kunung'unika, kwa sababu mvulana wa shule alikuwa akilia nyuma ya nyumba, na mara moja kwa sababu zipu yangu ilikuwa wazi mbele ya Mkuu wa Wilaya. Fedha hizo za kusubiri ziliniuma, kwa kuwa kituo kilinilipa habari na si gharama. Nazihesabu kama bei ya betri.

Na ninapotaja gharama, nisijifanye sijui kitu mnachokijua. Mwandishi aliye peke yake hana gari, na wenye magari ni wale anaotakiwa kuwaandika. Utapewa lifti na msafara, utakula na msafara, na jioni utapewa bahasha yenye jina la nauli. Mkiwa watatu mnatazamana, na aibu ya kutazamana ina kazi yake. Ukiwa mmoja unatazamana na bahasha. Mimi niliwahi kuchukua, na habari niliyoiandika usiku ule sikuionyesha kwa mtu yeyote kabla ya kuituma. Hata sasa, habari ninayoona haya kuisoma kwa sauti mbele ya mtu mwingine huwa naitilia shaka.

Kuna jambo ambalo katika mkoa huu siwezi kuzungumzia upweke wa mwandishi nikaliruka. Tarehe 2 Septemba 2012, katika kijiji cha Nyololo, wilaya ya Mufindi, Daudi Mwangosi, mwakilishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari ya mkoa wetu, aliuawa akiwa kazini, polisi walipokuwa wakizuia shughuli ya chama cha siasa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimtia hatiani askari mmoja kwa kosa la kuua bila kukusudia, ikamhukumu kifungo cha miaka 15. Wengi wenu mlikuwa watoto wadogo wakati huo. Ninalotaka mlifikirie ni hili: picha zilizomwonyesha Mwangosi akiwa amezungukwa na askari, ambazo nchi nzima iliziona magazetini, hazikutoka katika kamera yake. Zilipigwa na wenzake waliokuwepo. Angekuwa mwandishi pekee pale Nyololo siku ile, tungebaki na taarifa ya upande mmoja na mabishano yasiyokwisha. Wenzake hawakuweza kumwokoa, na hilo wanalibeba; lakini waliona, na kuona kwao kulifika mahakamani na katika vichwa vya Watanzania.

Ndiyo maana hapa Iringa waandishi wa vyombo vinavyoshindana huambiana waendako. Ninapokwenda mahali penye joto, namtumia ujumbe mwenzangu wa kituo kingine: nipo wapi, na nani, nitarudi saa ngapi. Habari yenyewe simwambii, biashara ni biashara. Saa ikipita bila simu yangu, yeye huanza kupiga.

Limebaki la kuhariri, ambako upweke ni mkubwa kuliko uwanjani, maana usiku umeingia, mhariri anapiga simu, na picha uliyoihangaikia unaipenda hata kama haina kazi katika habari. Picha ile ya Kilolo, ya umati ukishuka kilima, ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote nilizopiga mwaka ule. Usiku ule niliitazama mara nyingi. Kisha nikamwita mke wangu, nikamwonyesha bila kumweleza lolote. Aliitazama hadi mwisho, akaniuliza, "Mbona mwishoni inatikisika?" Ilitikisika pale mkono wa bibi ulipogusa bega langu. Sikuituma.

Ndugu Mwenyekiti, nimeambiwa kwamba baada ya chai kuna zoezi katika Soko Kuu, na kwamba kila mwanafunzi angetoka na simu yake peke yake. Naomba ruhusa yako nilibadilishe kidogo. Watoke wawili wawili. Mmoja apige picha kwa saa nzima, mwenzake asiguse simu kabisa, amshike mkanda, na tutakaporudi hapa saa 11 jioni tuanze kwa kumsikiliza huyo asiyepiga picha atueleze alichokiona.